Jinsi ya Kusoma Historia ya Jeni Mfu katika Jenomu za Mamalia: Mwongozo Kamili

Jenomu ya binadamu ina takriban jeni 20,000 zinazotengeneza protini, na miongoni mwake zimetawanyika nakala zaidi ya 14,000 zinazofanana na jeni hizo lakini haziwezi tena kutoa protini iliyotarajiwa. Nakala hizo huitwa sudojeni, jina lililoanza kutumika mwaka 1977 pale kipande cha namna hiyo kilipoelezwa katika jenomu ya chura Xenopus laevis. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliye na mfuatano wa DNA wa mamalia, anayeshuku kwamba mfuatano huo ni jeni mfu, na anayetaka kujua nakala hiyo ilizaliwaje na ilikufa lini. Maswali hayo mawili yanapaswa kutenganishwa tangu mwanzo. Kwa maoni yangu, tafsiri nyingi mbovu za sudojeni hutokana na mchambuzi kupima tarehe ya kuzaliwa kwa nakala na kuitangaza kuwa tarehe ya kifo chake.

Hatua ya kwanza: Fahamu njia tatu za asili

Njia ya kwanza ni kurudufiwa kwa kipande cha DNA. Kromosomu mbili zinapobadilishana vipande bila kulingana sawasawa wakati wa kutengeneza mbegu au mayai, kromosomu moja hubaki na jeni mbili mahali palipokuwa na moja. Nakala ya pili huja na introni zake (vipande vinavyokatwa kutoka kwenye RNA kabla ya protini kutengenezwa) na mara nyingi na promota yake (sehemu inayoiwasha jeni), kwa hiyo inaweza kufanya kazi kwa muda mrefu kabla ya kuharibika. Hesabu za Michael Lynch na John Conery za mwaka 2000 zilionyesha kwamba nakala nyingi zilizorudufiwa hunyamazishwa ndani ya miaka milioni chache tu, na ni chache zinazopata kazi mpya au kugawana kazi ya zamani na jeni mzazi.

Njia ya pili ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya sudojeni za binadamu na za panya. RNA ya jeni iliyokwisha kuondolewa introni na kuwekewa mkia wa adenini hunakiliwa kurudi kuwa DNA, kisha DNA hiyo huingizwa mahali pengine popote katika jenomu. Mitambo inayofanya kazi hiyo si ya jeni yenyewe. Ni ya retrotransposoni ya L1, yaani kipande cha DNA kinachojinakili kupitia RNA, ambayo vipande vyake vinachukua takriban asilimia 17 ya jenomu ya binadamu. L1 hutengeneza kimeng'enya chenye uwezo wa kukata DNA na kunakili RNA, na mara kwa mara kimeng'enya hicho hushika RNA isiyo yake. Jambo hilo lilithibitishwa katika seli zilizokuzwa maabarani mwaka 2000. Kwa kuwa nakala hurithiwa tu ikiwa imeingia katika seli za uzazi au katika kiinitete cha mapema sana, jeni zinazozaa nakala nyingi za aina hii ni zile zenye RNA tele katika seli hizo: jeni karibu 80 za protini za ribosomu zimeacha takriban nakala 2,000 katika jenomu yetu.

Ni vyema kujua kwamba wingi huu si sheria ya wanyama wote. Kuku ana nakala za aina hii chache mno, kwa sababu retrotransposoni kuu ya ndege, CR1, haitambui mkia wa adenini wa RNA za kawaida. Naye kinyamadege, ambaye jenomu yake inatawaliwa na L2 badala ya L1, anakaribiana zaidi na kuku kwa jambo hili kuliko na panya.

Njia ya tatu haina nakala kabisa. Jeni ya pekee, isiyo na pacha, huharibika mahali pale pale ilipokuwa ikifanya kazi, na spishi nzima hubaki bila kazi hiyo. Mfano unaojulikana zaidi ni GULO, jeni ya kimeng'enya cha mwisho katika kutengeneza vitamini C, iliyokufa katika ukoo wa nyani, kima na binadamu takriban miaka milioni 60 iliyopita, na ikafa tena kwa njia yake yenyewe katika simbilisi na katika popo kadhaa. Hapa swali la kuzaliwa kwa nakala halipo. Lililopo ni la kifo tu.

Hatua ya pili: Tafuta nakala zote kabla ya kuchambua moja

Chukua protini ya jeni mzazi, si DNA yake, kisha itafute katika jenomu kwa programu kama tblastn, ambayo hulinganisha protini na DNA iliyotafsiriwa katika fremu zote sita za usomaji, yaani namna zote za kuzigawa besi (herufi za DNA) tatu tatu. Utafutaji wa protini hufika mbali zaidi katika wakati kuliko ule wa DNA. Ficha kwanza mifuatano inayojirudia, la sivyo utapata maelfu ya matokeo yasiyo na maana. Baada ya hapo unganisha vipande vinavyofuatana kwa mpangilio mmoja, kwa kuwa sudojeni ya zamani mara nyingi imepasuliwa na retrotransposoni zilizoingia ndani yake baadaye, na programu huitoa kama vipande viwili au vitatu vinavyoonekana kuwa nakala tofauti. Linganisha orodha yako na ile ya hifadhidata ya jeni ya GENCODE kwa binadamu na panya, au ya Ensembl kwa mamalia wengine, ukikumbuka kwamba orodha za spishi zisizochunguzwa sana zimetengenezwa na kompyuta bila mtu kuzipitia.

Hatua ya tatu: Kagua alama za kuzaliwa

Nakala iliyotokana na RNA hutambulikana kwa alama nne. Haina introni; ina mabaki ya mkia wa adenini upande wa 3' (mwisho wa jeni); imezungukwa na mfuatano mfupi unaojirudia pande zote mbili, kwa kawaida wa besi 7 hadi 20, ulioachwa na namna L1 inavyokata DNA; na majirani zake kwenye kromosomu hawafanani na majirani wa jeni mzazi. Mara nyingi pia upande wake wa 5' (mwanzo wa jeni) umekatika, kwa sababu unakili huanzia upande wa mkia na hukoma njiani.

Alama hizo hazina uzito sawa. Mkia wa adenini huchakaa haraka, na marudio ya pembeni hupotea kabisa katika nakala zenye umri wa makumi ya mamilioni ya miaka, kwa hiyo kutoziona si ushahidi wa kuyakanusha. Ukosefu wa introni nao una mtego: jeni nyingi za histoni hazina introni tangu asili, na sehemu ya jeni za vipokezi vya harufu inayotafsiriwa kuwa protini kwa kawaida imo ndani ya eksoni moja, yaani kipande kimoja kinachobaki introni zinapoondolewa. Nakala ya jeni kama hizo haikuambii lolote kwa kukosa introni. Kinyume chake kipo pia. Jeni ya Ins1 ya insulini katika panya ilizaliwa kutokana na RNA ambayo haikuwa imekamilika kusafishwa, ikabaki na introni moja kati ya mbili, na hadi leo inafanya kazi. Kwa sababu hiyo, ninapolazimika kuchagua alama moja ya kuiamini zaidi, huchagua majirani: ukifungua UCSC Genome Browser, tovuti ya kutazama jenomu, na kukuta jeni zilizo kushoto na kulia ni zile zile katika spishi nyingine, unajua mahali hapo ni pa asili.

Hatua ya nne: Orodhesha majeraha

Panga mfuatano wa nakala na wa jeni mzazi kodoni kwa kodoni (kila kodoni ni besi tatu zinazowakilisha asidi amino moja au kikomo cha protini), kwa programu inayovumilia kuhama kwa fremu ya usomaji, kama MACSE. Kisha andika kila kitu kinachoweza kuzuia protini: kodoni ya kikomo iliyotokea kabla ya wakati, kupungua au kuongezeka kwa besi ambazo idadi yake haigawanyiki kwa 3, kuharibika kwa mipaka ya introni, kupotea kwa kodoni ya kuanzia, na kupotea kwa eksoni nzima. Katika sudojeni za mamalia upungufu wa besi hutokea mara nyingi kuliko ongezeko, na mabadiliko ya C kuwa T hujaa mahali ambapo C inafuatwa na G, kwa sababu C ya hapo huwekewa kundi la methili na hubadilika kwa wepesi mkubwa.

Paka anatoa mfano safi. Jeni yake ya TAS1R2, ambayo katika mamalia wengi hutengeneza nusu ya kipokezi cha ladha tamu, imepoteza besi 247 katika eksoni ya 3, na ina kodoni za kikomo katika eksoni ya 4 na ya 6. Upungufu huo huo upo kwa simbamarara na duma.

Hatua ya tano: Hakikisha jeraha ni la kweli

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo ningependa msomaji aitumie muda mwingi. Besi moja iliyosomwa vibaya na mashine inaweza kuiua jeni nzima katika kompyuta huku mnyama mwenyewe akiwa mzima. Rudi kwenye data ghafi uangalie ni vipande vingapi vilivyosomwa na mashine vinavyounga mkono badiliko hilo. Tazama kama eksoni inayodaiwa kupotea haijaangukia kwenye pengo la jenomu lililojazwa herufi N. Jeraha lililoonekana katika mnyama mmoja, kutoka jenomu moja, bila kuthibitishwa, lisiandikwe kama kifo cha jeni ya spishi.

Hata badiliko lililosomwa kwa usahihi linaweza kuwa si jeraha. Kodoni ya TGA ni ya kikomo katika jeni nyingi, lakini katika jeni 25 za binadamu zinazotengeneza protini zenye seleni, TGA huingiza asidi amino ya selenosisteini, na kompyuta isiyofundishwa hivyo itazihesabu zote kuwa zimekufa. Jeni ya OAZ1 huhitaji ribosomu, mtambo wa seli unaotengeneza protini, iruke besi moja ili protini ikamilike, kwa hiyo kuhama kwa fremu ndani yake ni sehemu ya kazi yake ya kawaida. Vilevile, upungufu wa besi moja unaofuatiwa karibu na ongezeko la besi moja hurudisha fremu mahali pake, na kodoni ya kikomo iliyo karibu kabisa na mwisho wa protini inaweza isiwe na madhara yoyote.

Kisha kuna tofauti baina ya mtu na mtu. CASP12 ya binadamu ina toleo lililokatizwa na kodoni ya kikomo, ambalo ndilo walilonalo watu wengi duniani, na toleo kamili ambalo limebaki hasa miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika. Kuiita CASP12 mfu au hai kwa kutazama jenomu moja ni bahati nasibu. Kwa binadamu data za watu wengi zipo wazi; kwa spishi nyingine tafuta angalau wanyama wawili au watatu wasio ndugu.

Hatua ya sita: Ita jamaa mezani

Orodha ya majeraha inapata maana ya kihistoria pale inapowekwa juu ya mti wa nasaba. Jeraha lile lile, mahali pale pale, katika spishi mbili jamaa, karibu kila mara limerithiwa kutoka kwa babu yao mmoja. Jeni ya UOX, ambayo katika mamalia wengi huvunja asidi ya yuriki, ina kodoni ya kikomo katika nafasi ya 33 kwa binadamu, sokwe mtu, gorila na orangutangu. Giboni nao wamepoteza jeni hiyo, lakini kwa majeraha tofauti. Kwa hiyo tuna vifo viwili vilivyotokea katika matawi jirani, na si kimoja.

Hata hivyo, ukosefu wa jeraha la pamoja hauthibitishi kwamba vifo vilikuwa vingi, na nyangumi wasio na meno ndio ushahidi bora wa jambo hilo. Visukuku vilionyesha kwamba enameli ilipotea kwa babu yao wa pamoja, lakini watafiti walipotazama jeni za ENAM, AMBN na AMEL, ambazo hutengeneza protini za enameli, hawakupata jeraha hata moja linaloshirikiwa na spishi zote. Jibu lilipatikana mwaka 2011 katika jeni nyingine, MMP20, yenye retrotransposoni fupi iliyojipachika ndani yake katika nyangumi wote wa kundi hilo waliopo leo. Enameli ilikuwa imekwisha kupotea, na jeni nyingine ziliendelea kuchakaa kila moja kwa wakati wake. Jeni isiyohitajika tena haipati jeraha siku hiyo hiyo. Mamilioni ya miaka yanaweza kupita kabla ya kodoni ya kwanza ya kikomo kutokea kwa bahati. Kwa sababu hiyo jeraha la pamoja hukupa umri wa chini kabisa wa kifo, na kulegea kwa uteuzi asilia kunaweza kuwa kulianza mapema zaidi.

Hatua ya saba: Pima uteuzi, kisha upige hesabu ya tarehe

Mwaka 1981 Wen-Hsiung Li, Takashi Gojobori na Masatoshi Nei walionyesha kwamba sudojeni hubadilika kwa kasi kubwa na karibu sawa katika nafasi zote za kodoni, kama nadharia ya mageuko yasiyoongozwa na uteuzi ilivyotabiri. Kipimo chake ni omega, yaani uwiano wa mabadiliko yanayogeuza asidi amino kwa yale yasiyoigeuza, kila kundi likiwa limegawanywa kwa idadi ya nafasi zake. Jeni hai iliyolindwa na uteuzi huwa na omega chini kabisa ya 1, mara nyingi kati ya 0.1 na 0.3. Mfuatano usiolindwa na chochote huelekea 1. Programu ya codeml iliyomo katika PAML hukuwezesha kupima tawi moja la mti na kulinganisha modeli mbili, moja ikilazimisha omega iwe 1 na nyingine ikiiacha huru.

Kwa nakala iliyozaliwa kutokana na RNA bila promota, kuzaliwa na kufa hutokea kwa pamoja, na tarehe hupatikana kwa hesabu nyepesi. Hesabu mabadiliko yaliyotokea katika tawi la nakala peke yake, gawanya kwa urefu wake, kisha gawanya tena kwa kasi ya mabadiliko kwa mwaka. Wastani unaotumika kwa mamalia ni takriban 2.2 × 10⁻⁹ kwa kila nafasi kwa mwaka. Nakala ya besi 1,000 iliyo na mabadiliko 66 yake yenyewe ingekuwa na umri wa miaka milioni 30. Tumia kasi ya kundi lako pale inapojulikana, kwa kuwa panya na jamaa zake hubadilika haraka kuliko nyani, na usisahau kusahihisha mabadiliko yaliyotokea zaidi ya mara moja katika nafasi ile ile pindi tofauti inapokuwa kubwa. Usitumie hesabu hii kwa nakala iliyorudufiwa pamoja na introni zake.

Kwa nakala hiyo, na kwa jeni ya pekee iliyokufa, tawi lina sehemu mbili: muda wa uhai uliokuwa na omega ndogo, na muda wa kifo wenye omega ya 1. Omega unayoipima ni wastani wa vipindi hivyo viwili. Ukikadiria omega ya uhai kutoka kwa spishi jamaa ambazo bado zina jeni nzima, muda wa kifo ni urefu wa tawi mara tofauti kati ya omega iliyopimwa na omega ya uhai, ukigawanya kwa 1 kutoa omega ya uhai. Tuseme tawi lina miaka milioni 60, omega ya uhai ni 0.2 na iliyopimwa ni 0.6: tofauti ni 0.4, ukigawanya kwa 0.8 unapata nusu, kwa hiyo jeni ilikufa yapata miaka milioni 30 iliyopita. Jibu hili lina upana mkubwa wa makosa, na mtu mwangalifu hulitoa kama masafa, si kama namba moja.

HBBP1, sudojeni iliyo katikati ya kundi la jeni za beta-globini (sehemu ya hemoglobini ya damu) kwenye kromosomu 11 ya binadamu, inaonyesha kwa nini tofauti hii ni muhimu. Introni zake mbili zipo, kwa hiyo ni nakala iliyorudufiwa. Lakini kwa mbuzi jeni inayolingana nayo bado inafanya kazi katika kiinitete. Ilizaliwa kabla ya koo hizo kutengana, na ikafia upande wa nyani. Anayetumia umbali wake kutoka kwa globini jirani kama tarehe ya kifo atakosea kwa makumi ya mamilioni ya miaka.

Hatua ya nane: Chunga nakala zinazokopeshana

Nakala mfu iliyo karibu na mzazi wake inaweza kubadilishana naye vipande, na hapo hesabu zote za tarehe huvurugika, kwa kuwa kipande kilichokopwa huonekana kipya. CYP21A2, jeni ya kimeng'enya cha tezi za adrenali, iko takriban besi 30,000 kutoka kwa nakala yake mfu CYP21A1P, na eksoni zao zinafanana kwa asilimia 98. Sehemu kubwa ya mabadiliko yanayosababisha ugonjwa wa kuzaliwa wa kuvimba kwa adrenali hutoka moja kwa moja kwa nakala mfu, likiwemo lile la kupungukiwa na besi 8 katika eksoni ya 3. Katika panya mambo yamegeuka: nakala iliyo hai ni ile inayolingana kwa nafasi na iliyo mfu kwetu. Kabla ya kupiga hesabu, chora tofauti kwa madirisha ya besi mia moja moja kwa urefu wote wa mfuatano. Dirisha linalofanana na mzazi kupita kiasi liondolewe.

Maabara ya tiba ina sababu ya ziada ya kujali. Usomaji mfupi wa DNA hauwezi kutofautisha jozi kama hizi, wala jeni ya GBA na nakala yake mfu GBAP1, wala PMS2 na PMS2CL, na badiliko lisilo na madhara lililo katika nakala mfu linaweza kuandikwa kama ugonjwa, au ugonjwa ukapotea ndani ya nakala. Usomaji mrefu, au kukuza kipande kwa kutumia mahali palipo na tofauti ya hakika, ndio suluhisho.

Hatua ya tisa: Tenganisha RNA, kazi na protini

Sudojeni nyingi hunakiliwa kuwa RNA, na jambo hilo peke yake halina maana kubwa, kwa sababu nakala iliyoangukia karibu na promota ya jirani itasomwa bila kuwa na faida kwa mnyama. Ushahidi wa kazi unahitaji kuizima nakala na kuona kitu kinabadilika. Uchunguzi wa namna hiyo upo: mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba katika mayai ya panya RNA za sudojeni kadhaa hukatwa kuwa RNA ndogo zinazopunguza RNA za jeni mzazi, na mwaka 2010 PTENP1 ilielezwa kuwa huvuta RNA ndogo ambazo vinginevyo zingeizuia PTEN, jeni mzazi wake. Ninazichukulia kesi hizi kama zilizojengwa moja moja. Hazitoi ruhusa ya kuzipa kazi sudojeni zote 14,000.

Kazi mpya inaweza hata kuwa kubwa kuliko ya zamani. Sehemu za Xist, RNA inayonyamazisha kromosomu X moja katika majike ya mamalia wenye kondo, zimetokana na jeni ya protini iitwayo Lnx3 iliyokwisha kufa. Katika tembo, LIF6 ilizaliwa kama nakala isiyokamilika, kisha ikapata kichochezi kinachotii p53, protini inayozuia saratani, na kurejea kazini, kama ilivyoelezwa mwaka 2018. Kwa hiyo unapoandika matokeo yako, taja aina ya asili, kila jeraha na mahali lilipothibitishwa, spishi zinazolishiriki, omega pamoja na modeli uliyoitumia, tarehe ya kuzaliwa na ya kifo zikiwa katika safu mbili tofauti, na toleo la jenomu ulilolisoma, kwa sababu toleo litakalofuata linaweza kuziba pengo moja na kuifufua jeni uliyoitangaza kuwa mfu.